Kubaki kikaoni si kuridhia

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Vikao vya kamati ya mikopo tunavifanya kwa Zoom, na siku hizi mwenyekiti ametuagiza tutumie programu inayogeuza mazungumzo kuwa maandishi. Mwezi uliopita mwanachama aliyeomba kuongezewa muda wa kulipa alieleza ugonjwa wa mtoto wake. Alipogundua baadaye kwamba maneno yake yote yameandikwa, alitaka yafutwe. Mwenyekiti anasema tangazo la kurekodi lilionekana kwenye skrini, hivyo aliyebaki kikaoni ameridhia. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu Katibu, mwenyekiti wako hayuko sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amfahamishe mhusika, kabla ya kuzikusanya, ni kwa madhumuni gani na nani watakaozipokea. Tangazo la kwenye skrini kwamba kikao kinarekodiwa halitoshi kueleza hayo yote. Tena mwombaji wa mkopo anayeambiwa kwamba asiyetaka atoke, hali kutoka ni kuliacha ombi lake, hana hiari ya kweli, na pasipo hiari hakuna ridhaa.

Habari za afya ni nzito zaidi, kwa kuwa sheria inaziweka katika kundi la taarifa binafsi nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo mhusika anaweza kuiondoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Kwa vikao vijavyo, weka maneno haya katika barua ya mwaliko: "Tunaomba kunukuu kikao hiki kwa programu ili kuandaa muhtasari. Maandishi yatasomwa na katibu na mwenyekiti pekee, na yatafutwa muhtasari ukishathibitishwa. Tafadhali jibu: naridhia, au siridhii." Asiyejibu asihesabiwe kuwa ameridhia. Kikao kikianza rudia maelezo hayo kwa sauti, na anayechelewa aelezwe kabla hajazungumza. Mmoja akikataa, zima programu na uandike kwa mkono, kama makatibu walivyofanya miaka yote. Wala hamtapoteza mengi, maana programu hizi huweza kukosea Kiswahili, hasa kiasi cha fedha kinapotajwa harakaharaka, na hata kumpa mtu maneno ya mwenzake. Mwombaji akifika kwenye mambo ya ugonjwa au ya familia, izime hata kama wote wameridhia, kwa sababu kamati inahitaji uamuzi, haihitaji simulizi.

Kuhusu mwanachama huyo, futa maelezo yake katika maandishi na katika rekodi ya sauti, ukiangalia pia akaunti ya programu yenyewe, ambako nakala huweza kubaki, kisha umjulishe kwa maandishi kwamba yamefutwa. Kama mwenyekiti alitumiwa nakala, naye aifute. Katika muhtasari patabaki ombi la kuongezewa muda na uamuzi wa kamati.