Maswali ya Hisabati: Hilo Jibu la Pili Linatoka Wapi?

Mwalimu, shikamoo. Kwenye x² = 49 nimeandika x = 7, nikapewa nusu ya maksi. Kwani √49 si 7? (Kidato cha pili)

Marahaba. √49 ni 7, hapo uko sahihi. Alama ya √ ikisimama peke yake hutoa kipeuo chanya tu. Ila swali halikutaja √49. Limetaka namba zote ambazo ukizizidisha kwa zenyewe unapata 49. Jaribu −7: hasi mara hasi ni chanya, 49 hiyo hapo. Kwa hiyo x = ±7. Hiyo ± inaletwa na mlinganyo. Wanaoikariri bila kujua hilo, wakikutana na √49 tupu nayo wanaiandikia ±7, wanakosa kwa upande mwingine.

Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, karne ya 9, alikuwa akitafuta majibu chanya peke yake. Lakini yeye hakuwa na mtihani wa taifa.

(x − 3)² = 20. Nianze kwa kufungua mabano?

Hapana! Ukifungua utapata x² − 6x − 11 = 0, na hiyo haina vigawo vya namba nzima; utahangaika bure. Mraba umeshatengenezwa, utumie. Chukua kipeuo cha pili pande zote mbili: x − 3 = ±√20, yaani ±2√5. Jumlisha 3: x = 3 ± 2√5, karibu 7.47 na −1.47. Usiandike ±7.47, maana ile 3 inaingia baada ya ±.

x² = 5x. Nimegawanya kwa x, nimepata 5.

Umeitupa sifuri. Njia ya vipeuo haifai pale x nyingine inapobaki nje ya mraba. Andika x(x − 5) = 0, upate 0 na 5.

Na x² + 9 = 0?

x² = −9: hakuna jibu katika namba halisi. Andika hivyo, nenda swali linalofuata.

Mimi mzazi. Mtoto atazitumia wapi hesabu hizi?

Nazi ikidondoka kutoka mita 20, umbali wake kwa mita ni karibu 5t², t ikiwa sekunde. 5t² = 20, t² = 4, t = ±2. Hapa −2 tunaiacha, kwa kuwa nazi haiwezi kufika chini kabla haijakatika kikonyo. Aliye chini ana sekunde 2 za kukwepa.