Bima ya mtu wa tatu na tuktuk iliyoingia maji

Dada yangu, umeuliza kama bima ya mtu wa tatu itamlipa kaka yako, ambaye tuktuk yake iliingia maji ya mafuriko hapa Malindi mpaka injini ikazimika. Kwa masikitiko, haitamlipa. Bima hiyo, ambayo Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye chombo cha moto barabarani awe nayo, humlinda yule aliyeumizwa au kuuawa na chombo, wala si chombo chenyewe. Hata bima kamili, ambayo kwa kawaida hulipia ajali, moto na wizi, si kila moja inayohesabu mafuriko; nyingine huyaongeza kwa malipo ya ziada tu. Na kutu ya chumvi inayokula sakafu za tuktuk zetu huku pwani haimo kabisa, kwa kuwa ni uchakavu.

Ninalokusihi zaidi ni kwamba autoe waraka wa bima na kuusoma mstari wa matumizi: ikiwa umeandikwa matumizi binafsi, naye hubeba abiria kwa nauli, kampuni ina sababu ya kulikataa dai, na abiria aliyevunjika mguu huenda akabaki akihangaika. Aubadilishe kabla hajarudi barabarani.