Bibi hasemi uongo: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza jambo zito kidogo, nami nakujibu kwa urefu. Bibi amekwambia, tena kwa kuapa, kwamba khabari ya kuuawa kwa Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliiona kwenye televisheni nyumbani. Wewe ukapekua, ukakuta kwamba Aprili 1972 televisheni ya Zanzibar ilikuwa bado haijaanza. Sasa unataka kujua kama Bibi anadanganya au akili imeanza kumtupa, na kama kuna faida ya kuendelea kuwarikodi wazee wa hapo Wete, Pemba, wakieleza walikuwa wapi khabari kubwa zilipowafika.

Bibi hadanganyi, na akili yake haina neno. Endelea kurikodi, ila ubadilishe namna ya kuuliza.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na James Kulik, walieleza kwamba khabari ya kushtua hujipiga akilini kama picha: ulikuwa wapi, nani alikwambia, ulikuwa ukifanya nini, ulijisikiaje. Hilo ni kweli kwa sehemu. Watu wengi wakalichukua zaidi ya hapo, wakaamini picha hiyo haiharibiki. Kisha chombo cha anga cha Challenger kikalipuka tarehe 28 Januari 1986. Asubuhi ya pili yake Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike walivyoipata khabari. Baada ya miaka kama miwili na nusu waliwauliza tena 44 kati yao. Robo yao hawakupatia hata kipengele kimoja cha yale waliyoyaandika wenyewe, na wengi walikuwa na hakika kabisa na majibu yao mapya. Walipooneshwa karatasi za mwanzo, zenye hati za mikono yao, kumbukumbu ya kwanza haikuwarudia.

Linalomhusu Bibi ni hili: katika majibu ya pili, waliosema khabari waliipata kwa televisheni walikuwa wengi kuliko mwanzo. Mmoja aliandika siku ile kwamba alikuwa darasani, watu wakaingia wakizungumza. Alipoulizwa tena alisema alikuwa chumbani bwenini na mwenzake, wakiangalia televisheni. Sidhani kama alibuni. Khabari kubwa huisikia mtu zaidi ya mara moja: kwanza kwa jirani, halafu redioni, halafu msibani, halafu kila mwaka ikikumbukwa. Akili huchukua ile mara iliyokuwa na picha yenye nguvu ikaibandika kwenye mara ya mwanzo. Kila tarehe 7 Aprili, mwaka baada ya mwaka, televisheni imeonesha picha za Mzee Karume. Bibi ameziona nyumbani kwake, na uchungu aliousikia mwaka 1972 umezikuta picha hizo ukakaa nazo.

Usipime ukweli kwa hakika ya msemaji. Jennifer Talarico na David Rubin waliwauliza wanafunzi 54 wa Chuo Kikuu cha Duke tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya Marekani kushambuliwa, kuhusu khabari ile na kuhusu jambo la kawaida tu la siku hizo hizo. Wakawauliza tena baada ya wiki kadhaa au miezi. Kumbukumbu zote mbili zilipungua kwa kasi moja. Hakika ndiyo iliyotofautiana: kwa jambo la kawaida ilishuka, kwa mashambulizi ilibaki juu. Kwa hiyo mzee akikwambia "naiona kama jana", andika kwamba amesema hivyo, kisha utafute ushahidi mwengine.

Sasa namna ya kuuliza. Mhoji mtu mmoja mmoja, ndani, si barazani. Barazani watu huazimana kumbukumbu: wa kwanza akisema "sote tulikuwa tunarudi msikitini", wa tatu naye atajiona yumo njiani. Hata mume na mke watenge. Simu iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asipige ukapoteza rikodi katikati, iweke juu ya khanga iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, na uzime feni. Mwanzo wa rikodi taja wewe mwenyewe tarehe, mahali na jina la unayemhoji. Dakika 40 zinatosha kwa mtu mzima. Zaidi ya hapo anajibu ili umalize.

Usianze na tarehe, wala usianze na khabari yenyewe. Anza na maisha ya mwaka ule: ulikuwa ukikaa nyumba gani, nani alikuwa hai, nani mchanga, ulikuwa na kazi gani asubuhi na jioni. Halafu: "Ulijuaje?" Unyamaze. Kimya kitakuuma, nawe utataka kumsaidia kwa kusema "Si mlikuwa mnasikiliza redio?" Usimsaidie, kwa sababu ukishaitaja redio, redio itakuwemo katika jibu lake na hutaweza kuitoa tena. Mpe muda wa kuvuta pumzi tatu nne. Baada ya hapo uliza: nani alikuwa wa kwanza kukwambia, ulikuwa umesimama au umekaa, ulifanya nini baada ya kusikia. Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote: "Na mara ya pili uliisikia wapi?" Hapo ndipo televisheni ya Bibi itakapopata nafasi yake. Huenda akakumbuka kwamba kabla ya hiyo palikuwa na mtu aliyekuja mlangoni. Asipokumbuka, usimsukume.

Kwa tarehe, tegemea kalenda ya wazee. Mfungo wa Ramadhani, Miraji, Maulidi, masika, vuli, kusi, kaskazi na msimu wa karafuu ni nguzo imara kuliko "mwaka elfu moja mia tisa na ngapi". Nakupa mifano uitumie. Uhuru wa Zanzibar wa tarehe 10 Disemba 1963 ulikuja ndani ya Rajabu, siku chache kabla ya Miraji. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuwa Jumapili, mwishoni mwa Shaaban, watu wakijitayarisha kufunga, upepo ni kaskazi. Mzee akikwambia bendera zilipandishwa "sote tumefunga", amechanganya siku mbili au zaidi. Muulize kila moja peke yake. Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui siku ya Ijumaa tarehe 7 Aprili 1972, jioni kabla ya magharibi, wakati wa masika, na ilikuwa Mfunguo Tano, yaani mwezi wa tano baada ya Ramadhani. Mfunguo Sita na maulidi yake haikuwa imeandama. Kumbuka kwamba mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua: Ramadhani iliyokuwa Januari mwaka 1964 ilikuwa Oktoba mwaka 1972. Ukisahau hilo utawasahihisha watu walio sawa.

Kuna mtego wa usiku pia. Kwa wazee, siku inaanza jua likizama. Aliyesikia kifo cha Karume baada ya magharibi ya Ijumaa anaweza kukwambia "ilikuwa usiku wa Jumamosi", na yuko sawa kabisa. Wewe ukiandika Jumamosi tarehe 8, umemkosesha. Na saa ziandike kama anavyozitamka, saa 12 jioni, saa 9 usiku. Ukigeuza papo kwa papo utakosea kwa saa sita.

Kwa nyinyi wa Pemba kuna jambo jengine. Mapigano ya alfajiri ya tarehe 12 Januari yalikuwa Unguja, kwenye vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni. Pemba sauti ya John Okello, aliyeyaongoza mapigano hayo, redioni ilitangulia, watu wenye silaha wakafuata baadaye. Mzee wa Wete akikueleza bunduki alizoziona "siku ya Mapinduzi", karibu hakika anakupa siku ya baadaye. Ihifadhi kumbukumbu hiyo, kwa sababu siku hiyo ya baadaye haikuandikwa sana na yeye ndiye anayeijua.

Matukio yanayofanana ndiyo yanayoungana zaidi, hata kwa vijana. Meli ya Spice Islander I iliondoka Unguja kuja Pemba usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, ikazama karibu na Nungwi kiasi cha saa 7 usiku, siku chache baada ya Idd el Fitri. Meli ya Skagit ilizama mchana tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam, karibu na Chumbe, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Mtu akikuchanganyia, muulize: usiku au mchana, na ulikuwa umeshasherehekea Idd au bado hujafunga? Hapo zitaachana. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Jumatano tarehe 17 Februari 2021, na Rais Magufuli Jumatano tarehe 17 Machi. Siku na tarehe ni ileile, miezi tofauti. Kinachozitenga vizuri ni njia ya khabari na mahali pa maziko: kifo cha Magufuli kilitangazwa usiku kwenye televisheni na Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, na Maalim akazikwa huko huko kwenu, Mtambwe.

Kuna siku zenye damu ndani yake. Mwaka 1964, na Januari 2001 waandamanaji walipopigwa risasi, zimo nyumba zilizopoteza watu, na hapo Wete hutakwenda hatua nyingi hujaikuta moja. Omba ruhusa kabla, na mwambie anaweza kusimama wakati wowote. Akimtaja jirani kwa ubaya, rikodi hiyo isitoke mkononi mwako. Usiitume kwenye kundi lolote la simu, hata la ukoo, kwa sababu ikishatoka hairudi na mzee ndiye atakayeishi na watu.

Ukimaliza, andika kila rikodi kwenye ukurasa wenye sehemu mbili zilizotengwa kwa mstari: juu aliyoyasema, kwa maneno yake, bila kusahihisha, chini uliyoyathibitisha na ulikoyapata. Magazeti ya zamani utayatafuta Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukija Unguja. Usivuke mstari ule kwa wema. Ukiitoa televisheni kwenye maneno ya Bibi, umeharibu ushahidi wa namna khabari ya mwaka 1972 ilivyoendelea kuishi ndani ya nyumba yake kwa miaka 50.

Na wewe anza karatasi yako. Ikija khabari kubwa, andika siku hiyo hiyo kabla ya kulala: mahali, saa, nani alikwambia, ulikuwa ukifanya nini, na mara ya pili uliisikia wapi. Mistari mitano. Weka tarehe, tia saini, usiiguse tena. Karatasi kama hizo ndizo alizokuwa nazo Neisser, na ndizo tunazozikosa sisi kwa mwaka 1964 na 1972.

Kwa Bibi nenda asubuhi baada ya chai, kabla jua halijamchosha. Usimwambie kwamba televisheni haikuwepo, si mbele ya wajukuu wala mkiwa wawili. Muulize tu nyumba ile ilikuwa na nani jioni ya Ijumaa ile, na nani alibisha hodi.

Mama yako