Namba 2147483647: kwa nini wateja wako wote wana simu moja

Mkuu, umesema tangu jana wateja wako wote wanasoma simu 2147483647, unauliza kama ni virusi. Si virusi. Mimi hii namba ilinikesha, nikitengeneza mfumo wa michango wa saccos moja.

Mwanzo tuliingiza simu kwa 07. Kompyuta ikameza sifuri ya mbele, 0754 ikawa 754, hakuna aliyeshtuka. Baadaye wa kutuma meseji wakataka zianze na 255. Nikabadilisha zote kwa mkupuo, nikalala. Asubuhi mhasibu huyo kwenye simu: "Kijana, wanachama wamekuwa mtu mmoja?"

Kosa lilikuwa langu: safu ya simu kwenye kanzidata niliipa aina ya INT (namba kamili), yenye biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Biti moja inaonyesha hasi au chanya, zinabaki 31. Zote zikijaa moja, unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ndiyo hiyo yako. Simu ya 255 ni zaidi ya bilioni 255, haiingii, na MySQL, programu ya kanzidata, ikiwa haijawekwa kwenye hali kali haigomi: inaandika ukomo wake na kukaa kimya. Weka simu kama maandishi. BIGINT, aina ya namba kubwa zaidi, itazibeba, lakini sifuri ya mbele itaendelea kuliwa, na kwani nani anajumlisha namba za simu? Zilizokwisha kukatwa hazirudi. Kama huna nakala rudufu, rudi kwenye fomu za karatasi kama mimi.

Ila yenyewe ni namba ya ajabu. Jirani yake wa chini, 2147483646, anagawanyika kwa 2, 3, 7, 11, 31, yaani kila mtu anamla. Huyu hagawanyiki: ni namba tasa. Kuthibitisha hilo kwa kugawa tu, ungejaribu namba tasa zote hadi 46340, kilipo kipeuo chake cha pili, na hizo ni zaidi ya elfu nne. Mwanahisabati Euler alionyesha kwamba kigawanyo chake tasa, kama kingekuwepo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Hapo majaribio hayafiki mia nne. La kwanza ni 311. Nimegawa namba yetu kwa 311 kwa kalamu sasa hivi, inabakiza 35. Yeye alimaliza yote, akatangaza mwaka 1772 kwamba ni tasa, macho yake yakiwa karibu yamezima kabisa. Kwa miongo mingi baadaye haikujulikana tasa kubwa zaidi.

Ukiwa humo ndani, kagua na safu za TIMESTAMP, za kuhifadhi tarehe na saa. Zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na ukomo ni huohuo: Jumanne, 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaosainiwa leo unavuka hapo.