Rockwell nzito ya mlazo inafaa wapi?
Umeuliza iwapo fonti ya Rockwell nzito ya mlazo, yaani yenye herufi nene zilizoinama, inafaa kwa maandishi yote ya jarida la kurasa 8. Kwa maoni yangu haifai, ingawa kwa vichwa vya habari ni chaguo zuri. Fonti hii, iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1934, ina serifu, yaani vile vikanyagio vya ncha za herufi, zenye umbo la mstatili na unene unaokaribia ule wa mistari ya herufi yenyewe. Itazame A kubwa, utaona serifu imelazwa hata juu ya kilele chake, kama kofia bapa. Mlazo wake haufuati mwandiko wa mkono, bali ni herufi za wima zilizoinamishwa kulia, hivyo zinaonekana kama lori lililoshehena likikata kona. Sifa hiyo hupendeza kwenye bango, jezi au lebo ya chupa. Katika aya ndefu yenye herufi za ukubwa wa pointi 10, hata hivyo, nafasi nyeupe ndani ya e na a hubanwa, na ukurasa mzima huonekana mweusi. Maandishi ya ndani yapange kwa uzito wa kawaida, na mlazo mzito uuachie maneno mawili matatu tu.