Heshima Isikufunge Mdomo Kazini

Katika ofisi ya uhasibu niliyofanyia kazi Dar es Salaam, mkuu wa kitengo alizoea kuturudishia hati za malipo kwa kuzitupa mezani mbele ya wageni, huku akimwuliza mhusika kama shuleni alikwenda kusoma au kunywa uji. Wenzake walicheka, macho wameyakaza kwenye kompyuta. Ukilalamika, unaambiwa ni utani tu. Lakini utani tuliokulia, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo unaofika hadi msibani, una sharti lake: unayemtania ana haki ya kukujibu palepale. Karani hawezi kumjibu hivyo mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, na ambaye ndiye anayemjazia fomu ya tathmini.

Siwakatazi watu kuvumilia, wala kumtuma mtu mzima akazungumze na bosi faragha. Mimi nilimwomba mhasibu wa siku nyingi aliyeanza kazi pamoja na mkuu huyo, na kejeli za hadharani zilikoma, ingawa ubaridi ulibaki. Njia hii inampa mkubwa nafasi ya kubadilika bila kuaibika, jambo ambalo barua kali haiwezi.

Tatizo ni kwamba subira yetu haina kikomo, ilhali sheria inacho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua kuwa ameachishwa kazi hata yule aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Hata hivyo, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na kumngoja mzee aongee na bosi ni sababu dhaifu.

Kwa hiyo mtume mzee wiki ileile. Andika tarehe, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo. Baada ya mazungumzo, tuma ujumbe wa adabu: “Shikamoo mzee, nashukuru kwa mazungumzo ya jana kuhusu kurekebishwa mbele ya wageni.” Heshima imebaki, na ushahidi unao.

Na ikibidi kuondoka, usiandike kwamba unaacha kazi kwa “sababu binafsi”, kama wengi wetu tunavyofanya kwa kuona haya, kwani barua hiyo ndiyo mwajiri atakayoitanguliza mbele ya Tume. Taja kilichokuondoa.