Piza ya Tanuri la Kuni Haimngoji Mtu

Kwenye mikahawa hii mipya ya piza za kuni na mvinyo, wengi wakishakaa hukimbilia menyu. Mimi kwanza natafuta tanuri liko wapi. Kukiwa na viti vya kaunta mbele yake nitaomba kimoja, hata kama ni kirefu na hakina pa kuegemea. Ukikaa pale unaona mpishi anavyofanya kazi, na piza inakufikia ikiwa bado ni piza.

Piza ya mtindo wa Napoli, mji wa Italia, hukaa tanurini sekunde 60 hadi 90 tu, kwenye joto la nyuzi 430 na zaidi za Selsiasi. Majiko mengi ya nyumbani yanaishia kwenye nyuzi 250 hivi. Joto kali namna ile huufanya ukingo uumuke ghafla na kubabuka madoadoa nje, huku ndani ukibaki laini kwa sababu unga haukupata muda wa kukauka. Utamu wote uko hapo, na udhaifu wake uko hapo hapo. Maji ya nyanya na jibini yanaendelea kushuka, mvuke unanaswa chini ya piza, na dakika kumi baadaye unatafuna kitu kinachovutika kama mpira.

Kwa hiyo msiagize kila kitu kwa mpigo. Mkiwa wanne, mwambieni mhudumu mapema kwamba mnataka piza moja moja, mnagawana, ikiisha ije nyingine. Kila mtu atapata vipande viwili vya moto kutoka kila piza, badala ya kuhangaika na piza nzima inayopoa mbele yake. Kama kila mmoja ameng'ang'ania yake, basi ya kwanza ikifika aliyeletewa aanze kula. Najua kusubiri wenzako ni adabu. Hapa ni adabu inayoharibu chakula. Na picha iwe moja, basi.

Ikishafika, inua ukingo uchungulie chini. Madoadoa ya kahawia yenye weusi hapa na pale ni dalili nzuri. Ikiwa chini ni nyeupe, sakafu ya tanuri imepoa. Hili hutokea sana watu wanapofurika, kwa sababu kila piza inayowekwa hunyonya joto la matofali, na mpishi aliyebanwa na oda haachi nafasi lirudi. Ikiwa chini ni nyeusi tii na inaacha unga mchungu kidoleni, sakafu haijafagiwa na unga wa piza zilizotangulia umeungua pale. Hiyo irudishe bila aibu. Ndiyo maana napenda kwenda mapema kidogo, kabla umati haujaingia, wakati tanuri lina joto la kutosha na mpishi hajachoka.

Usirudishe piza kwa sababu katikati ni laini na majimaji kidogo. Mtindo huu uko hivyo, na Napoli kwenyewe watu huila mezani kwa kisu na uma bila kuonekana washamba. Moshi nao usiutarajie sana mdomoni. Kwa sekunde 90 moshi mwingi umeshatoka juu. Sifa ya kuni, kwa maoni yangu, ni joto na moto unaolamba ukingo.

Kwenye menyu, anza na Margherita, ile ya nyanya, jibini ya mozzarella na majani ya basil. Chama cha kulinda piza ya Napoli, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimejenga kanuni zake juu ya aina mbili tu: Margherita, na Marinara yenye nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni bila jibini kabisa. Kama Margherita yao haina ladha, hata wakimwaga asali, uyoga wa bei mbaya na nyama za aina tatu hawataiokoa. Vitu vikiwa vingi juu, maji yanakuwa mengi na unga unazama. Mozzarella ya maziwa ya nyati ni tamu lakini inatoa maji kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo ukiichagua, kula haraka zaidi.

Tukija kwenye mvinyo, watu wanatumia pesa nyingi mahali pasipohitaji. Nyanya ina ugwadu, na mvinyo usio na ugwadu wake unapooza ukiunywa nayo. Mvinyo mwekundu wa Italia kama Barbera, au Chianti ya kawaida isiyo ghali, inatosha kabisa. Lambrusco kavu, baridi, yenye mapovu, inasafisha mafuta ya jibini mdomoni vizuri ajabu. Ukitaka nyeupe, Falanghina inatoka Campania, mkoa ule ule wa Napoli. Mvinyo mwekundu mzito wenye ukakasi mwingi, ule wa kutambia, uache kwa siku ya nyama. Na kama piza ina pilipili, kilevi kikali kitazidi kuwasha.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Mkijua mtafika huko, chupa mara nyingi ni nafuu. Mkinywa kwa glasi, uliza chupa ilifunguliwa lini. Mhudumu mzuri atakujibu papo hapo, na akianza kuzungukazunguka, chagua kingine. Ile tone ya kuonja anayokumiminia si ya kuuliza kama umeipenda. Unanusa kama mvinyo umeharibika: ukinuka kama boksi lililoloa, sema, wataleta chupa nyingine. Rangi ya chungwa, au mvinyo usio mwangavu kwenye glasi, peke yake si ubaya. Mvinyo wa chungwa ni zabibu nyeupe zilizochachushwa pamoja na maganda yake. Na mvinyo mwekundu uliokaa karibu na tanuri ukija vuguvugu, omba ndoo ya barafu kwa dakika kumi. Utaangaliwa kwa mshangao, vumilia.

Kwa asiyekunywa au anayeendesha gari, maji yenye gesi na kipande cha limau yanafanya kazi ile ile ya kukata mafuta.

Vikibaki vipande, usikubali boksi lifungwe vikiwa vya moto, maana mvuke utavimaliza njiani. Acha vipoe kwanza. Nyumbani, weka kikaango kikavu kwenye moto wa wastani, tandaza vipande, funika dakika ya mwisho tu ili jibini ilainike. Maikrowevu iache ipashe supu.